"Nimekaribia": neno dogo linalopotea kati ya simu na setilaiti

Kwenye Ziwa Tanganyika, boti za abiria zinazotoka Kibirizi, Kigoma, kwenda Mwamgongo na Kagunga hupita kando ya milima iliyosimama karibu kabisa na maji. Aliyewahi kupanda anazijua sehemu ambako simu huanza kuhangaika. Mtandao ukikata kabisa hakuna anayeshangaa. Ajabu ni pale simu inapoonyesha mistari miwili, hata mitatu, halafu ujumbe wa maneno mawili tu, "tumefika salama", unagoma kuondoka. Unabonyeza tena, alama inazunguka, inakataa.

Mistari ile haidanganyi. Inakuambia kwamba simu yako inausikia mnara, basi. Kama mnara nao unaisikia simu, hilo ni jambo jingine, na hakuna mstari unaolionyesha. Mnara una umeme wa kutosha na antena ndefu zilizofungwa juu ya kilima. Simu yako ina betri nyembamba na antena iliyojificha ndani ya kava, tena umeishika kiganjani. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti anapoongea na mtu wa ng'ambo ya bonde asiye nacho: huyu wa pili anasikia kila neno, lakini akijibu, jibu lake linaishia njiani.

Nimelianza jambo hili majini kwa sababu habari za simu za kawaida kuongea moja kwa moja na setilaiti zimekuwa nyingi, na watu wa mialoni wana haki ya kuuliza: mvuvi wa dagaa aliye katikati ya Ziwa Tanganyika saa nane za usiku, mwenye simu janja mfukoni na si kingine, ataweza kuita msaada? Sizungumzii sahani zinazofungwa juu ya paa. Sahani ina antena pana, ina umeme wake, na inaielekea setilaiti. Nazungumzia simu ileile unayoichaji kwa sola nyumbani. Na ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya jibu imejificha mahali ambapo hakuna tangazo linalogusa, yaani katika kitambo kile kifupi cha mwanzo, kabla simu haijaunganishwa.

Umbali unavyokula sauti

Simu nyingi zina kikomo cha kurusha mawimbi kwa nguvu ya miliwati 200, yaani moja ya tano ya wati. Kikomo hicho hakipandishwi hivihivi. Kipo kwa ajili ya betri, kwa ajili ya usalama wa kichwa kinachoegemea simu, na ili simu moja isizifunike sauti za nyingine. Kwa mnara ulio umbali wa kilomita 5 penye uwazi, nguvu hiyo inatosha.

Sasa chukua setilaiti inayozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 600. Ikiwa utosini, iko kilomita 600 kutoka kwako. Ikishuka hadi nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, umbali unakuwa kama kilomita 1,075. Ikiwa nyuzi 10 tu, kule inakoonekana kama inataka kugusa milima ya Kongo, umbali unafika karibu kilomita 1,930.

Mawimbi hutawanyika jinsi mwanga wa karabai unavyotawanyika ziwani. Ukisimama mbali mara mbili, mwanga unaokufikia hauwi nusu, unakuwa robo. Ukisimama mbali mara kumi, unakuwa sehemu moja ya mia. Kilomita 1,000 ni mara 200 ya kilomita 5, kwa hiyo nguvu inayofika imegawanywa kwa 40,000. Setilaiti hubeba antena nzuri ili kufidia sehemu ya pengo hilo, lakini hasara haziishii hapo. Antena za setilaiti za namna hii kwa kawaida hupokea mawimbi yanayozunguka kama skrubu, ilhali antena ya simu hurusha mawimbi yanayochezea upande mmoja. Kutofautiana huko peke yake kunakula nusu ya nguvu.

Upande wa kushuka una nafuu, kwa kuwa setilaiti ina nguvu kubwa kuliko simu. Upande wa kupanda ndio wenye dhiki. Ndiyo maana kwenye setilaiti ile hali ya boti ya Kagunga, ya kusikia bila kusikika, inarudi kwa ukubwa zaidi.

Hodi kwenye nyumba iliyo angani

Simu haiongei na mtandao mpaka imebisha hodi. Nikiwaeleza watu hatua hizi huwa natumia hodi yenyewe, kwa sababu taratibu mbili hizi zinafanana kuliko nilivyotarajia.

Kabla ya kubisha, simu husikiliza. Mtandao hutangaza mfululizo kwa kila aliye chini: masafa yake ni yapi, kanuni za kuingia ni zipi, na, kwa mtandao wa setilaiti, setilaiti iko wapi na inakwenda wapi. Hili la mwisho si la hiari. Setilaiti ya kimo cha kilomita 600 hukimbia kama kilomita 7.5 kwa sekunde, na mwendo huo huyasogeza masafa kama mlio wa honi ya gari unavyobadilika likikupita. Simu inatakiwa ijue mahali ilipo yenyewe kwa kutumia GPS au mfumo kama huo, ichukue taarifa za setilaiti, ipige hesabu, kisha irekebishe saa na masafa yake kabla ya kutoa neno la kwanza. Mgeni anajipanga nje ya mlango.

Kisha anasema: "Hodi!" Hilo ni tamko fupi lisilo na jina, alama tu iliyochaguliwa kutoka katika kundi la alama zinazojulikana.

Ndani wanaitika: "Tumesikia hodi. Sogea mbele kidogo, useme zamu hii." Mtandao unairekebisha saa ya simu na kuipa nafasi ya kuongea.

Mgeni anajitaja: "Ni mimi, fulani, nimekuja kwa jambo hili."

Ndani wanajibu: "Karibu, fulani." Jina linarudiwa kwa sababu. Huenda wageni wawili walibisha hodi kwa alama ileile wakati uleule, na wote wawili wanadhani ndio walioitikiwa. Atakayesikia jina lake aingie, asiyesikia lake arudi nyuma aanze upya.

Na mgeni aliyetajwa anamalizia: "Nimekaribia."

Neno hilo la tano ndilo ninaloliandikia makala hii. Katika lugha ya redio ni biti moja tu, yaani chembe ndogo kabisa ya taarifa, inayosema kwamba ujumbe wa "karibu" umefika salama. Halina jina ndani yake, halina maelezo. Ukilitazama kwenye karatasi ungedhani ndilo rahisi kuliko yote.

Kwa nini dogo ndilo linaloumia

Ujumbe mrefu ukishindwa kufika, wahandisi wana namna nyingi za kuuokoa. Unaweza kuupunguza kasi. Unaweza kuukatakata vipande. Unaweza kuongeza biti za akiba ili kilichoharibika kisahihishwe kwa kutumia kilichosalia. Neno la biti moja halipunguziki. Kwenye mtandao wa 5G jibu hilo huweza kutandazwa mpaka likajaza kipande kizima cha muda, ambacho kwa mpangilio unaotumika sana kwenye masafa ya setilaiti za namna hii ni milisekunde moja. Likishakijaza hakuna tena pa kulinyoosha ndani yake. Nguvu ya simu imeshafika kikomo. Kilichobaki ni muda wa ziada, yaani vipande vingine.

Hapo ndipo palipokuwa na tundu. Kanuni za 5G ziliruhusu tangu mwanzo simu kurudia majibu ya namna hii mara 2, 4 au 8, lakini kwa simu ambayo imeshaingia na kupewa mpangilio wake binafsi. Simu iliyo bado mlangoni haina mpangilio wa kwake. Inatumia ule wa wote uliotangazwa hadharani, na mpangilio wa wote haukuwa na ruhusa ya kurudia. Muungano wa mashirika ya viwango unaoandika kanuni hizo, uitwao 3GPP, uliingiza setilaiti rasmi katika kanuni za 5G kwenye Toleo la 17, lililokamilishwa mwaka 2022, na katika toleo hilohilo ukaruhusu ule ujumbe wa tatu, wa kujitaja jina, urudiwe. Kwa hiyo mgeni angeweza kujitaja kwa kurudia akasikika vizuri, akakaribishwa kwa sauti kubwa, kisha "nimekaribia" yake ikatamkwa mara moja tu na kumezwa na upepo.

Ubaya wa kupotea kwa neno hili ni kwamba kimya chake kina maana mbili. Katika hatua hii simu hairuhusiwi kujibu "sijapata". Inajibu tu ikishaupata ujumbe wa karibu na kulikuta jina lake ndani. Basi mtandao usiposikia kitu haujui kama simu haikusikia "karibu", au imesikia na kujibu ila jibu limefia njiani. Utarudia kumkaribisha mtu ambaye ameshaingia, au utakata tamaa na kumwachia. Simu nayo inaweza kuamini imepokelewa huku upande wa pili hakuna anayeitambua. Mwisho wake ni kurudi nje na kubisha hodi tena, kwa betri ileile, kwa setilaiti ambayo sasa imeshasogea.

Nimesoma maelezo mengi yanayohesabu kasi ya kupakua video kutoka angani. Kwa mtu ambaye mtumbwi wake umezimika injini mbele ya Gombe, kasi ya video haina kazi. Kinachoamua kama ataitwa mtu aliyeunganishwa ni biti hii moja.

Kurudia kwa makubaliano

Dawa iliyoingia kwenye Toleo la 18, lililokamilishwa mwaka 2024, ukiisikia haraka utaona ni jambo la kila siku: jibu lirudiwe. Simu inatamka "nimekaribia" mara 1, 2, 4 au 8 katika vipande vya muda tofauti, na mtandao unazijumlisha nakala zote kabla ya kuamua umesikia nini. Ndivyo tunavyofanya wenyewe tukiitana kati ya mtumbwi na ufuko penye mawimbi. Mara ya kwanza unakamata silabi, mara ya pili nyingine, mara ya nne unajua umeitwa. Sauti ya kweli hurudi ileile kila mara na kujengana. Kelele hubadilika kila mara, kwa hiyo haijengani hivyo.

Ugumu ulikuwa katika kukubaliana. Kurudia hakuna maana kama msikilizaji hajui kwamba neno litarudiwa, wala mara ngapi. Akisikiliza kipande kimoja na simu ikarusha nane, saba zimepotea, au mbaya zaidi zimeangukia zamu ya mwingine. Na wakati huo mtandao haujui simu hii ni ya kizazi gani. Orodha ya uwezo wa simu hutumwa baada ya kuingia, na hapa tuko mlangoni. Zipo simu za zamani ambazo hazijui kabisa habari ya kurudia katika hatua hii, nazo zina haki ya kuhudumiwa.

Njia iliyochaguliwa naipenda kwa jinsi ilivyobana matumizi. Kwanza, katika matangazo ya wazi mtandao unasema ni idadi zipi za kurudia unazozikubali. Pili, simu yenye uwezo huo inalitaja jambo hilo ndani ya ujumbe wa tatu, wakati inajitambulisha, kama mgeni anayesema jina lake na kuongeza, "nami nikijibu naweza kurudia." Haihitaji safari ya peke yake. Tatu, mtandao ukiwa umeshausikia ujumbe huo na kupima ulivyofika, dhaifu au wenye nguvu, unaamua idadi na kuitaja katika agizo fupi linalotangulia ujumbe wa karibu. Agizo hilo lilikuwa na biti mbili ambazo katika hatua hiyo hazikuwa na kazi. Biti mbili zinatoa machaguo manne, na idadi za kurudia ni nne. Hakuna kilichorefushwa, na simu ya zamani inazipita biti hizo kama ilivyozoea.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusisubiri, tukaona kama jibu limepotea, ndipo tuombe lirudiwe? Kwa mnara wa karibu ingefaa. Kwa setilaiti, kila swali na jibu ni safari. Katika mifumo ya matoleo haya mawili setilaiti ni kama kioo kinachorudisha mawimbi kwa kituo cha ardhini, kwa hiyo neno la simu linapanda na kushuka kabla ya kusikika. Kwa kimo cha kilomita 600 safari hiyo ya upande mmoja haipungui milisekunde 4. Kwa setilaiti zilizosimama juu ya ikweta kwenye kimo cha kilomita 35,786, kwenda na kurudi kunakula karibu nusu sekunde. Kurudia mara nane bila kuulizwa kunachukua milisekunde nane.

Gharama ipo. Vipande nane vilivyokaliwa na simu moja ni vipande ambavyo wengine hawavipati, na mwale mmoja wa setilaiti huweza kufunika eneo pana lenye vijiji vingi. Ndiyo maana idadi haikufungwa kuwa nane kwa kila mtu. Aliye chini ya setilaiti iliyo utosini, uwanjani, jibu moja linaweza kutosha. Yule ambaye setilaiti yake inazama ndiye apewe nane. Mgawanyo huo ninauona wa haki, na ingekuwa kosa kubwa mtandao ukipanga idadi moja kwa wote ili kurahisisha kazi.

Dakika za angani

Tuzirudie zile kilomita. Kutoka utosini hadi nyuzi 30, umbali umeongezeka mara 1.8 hivi, na nguvu inayofika imepungua kwa mara 3 na kidogo. Kurudia mara nne, kama nakala zote zinajengana vizuri, kunarudisha mara nne. Kutoka utosini hadi nyuzi 10, nguvu imepungua mara 10 hivi. Kurudia mara nane kunarudisha mara nane kwa hesabu ya karatasi, na pungufu kidogo kwa hali halisi, kwa sababu nakala dhaifu mno hazijumlishwi kwa ukamilifu. Idadi hizi, kwa hiyo, zinakaribiana na kile ambacho setilaiti inapoteza ikitoka utosini kushuka kuelekea upeo.

Sasa weka muda. Setilaiti ya kimo hicho inazunguka dunia kwa takriban dakika 97. Ikipita sawasawa juu ya kichwa chako, inakaa juu ya nyuzi 30 kwa kama dakika 4. Ikihesabiwa tangu ilipotokeza kwenye nyuzi 10 hadi inaposhuka hapo upande wa pili, inakaa kama dakika 8 na nusu. Ikiwa "nimekaribia" yako inasikika tu setilaiti ikiwa juu ya nyuzi 30, una dakika 4 za kuingia mlangoni. Ikisikika hadi nyuzi 10, dakika zako zimezidi maradufu, kwa setilaiti ileile na simu ileile. Kwa mwenye mtandao, hiyo ina maana kwamba setilaiti chache zinaweza kushikana zamu bila kuacha mwanya mrefu kati yao.

Bado neno la mlangoni si kila kitu. Mtu akishaingia, sauti na ujumbe wake navyo vinahitaji kupanda, na kwa vyenyewe Toleo la 18 lina kazi nyingine: simu inaruhusiwa kushikilia mdundo wa mawimbi yake bila kuuvunja kutoka kipande hadi kipande, ili mpokeaji avisome kama kitu kimoja. Kwa setilaiti hilo ni gumu kuliko kwa mnara. Katika milisekunde nane setilaiti imeshasogea kama mita 60, na simu inayorekebisha saa yake kuifuata huenda ikauvunja mdundo uleule inaotakiwa kuushika. Hodi ya kwanza nayo imeruhusiwa kurudiwa katika toleo hilohilo, kwa sababu ukinyoosha neno la mwisho ukaacha la kwanza likiwa dhaifu, mgeni atabaki nje hata kabla ya kuulizwa jina.

Na kuna kitu ambacho hakuna idadi ya kurudia itakayokifidia. Kilima kinachopanda mita 300 juu ya ziwa, ukiwa kilomita moja kutoka kwake, kinaziba anga hadi kama nyuzi 17. Boti inayokwenda Kagunga kwa kubana ufuko ina anga wazi upande wa magharibi, ambako maji yanaenea mpaka Kongo, ila mashariki imefungiwa na milima. Setilaiti inayotokea magharibi itasikia majibu yake tangu mapema, iyapokee ikipanda, iyapokee ikiwa juu, kisha iyapoteze ghafla nyuma ya miamba, dakika moja au zaidi kabla ya muda ambao hesabu ya uwazi ingetoa. Mtumbwi wa dagaa ulio mbali katikati ya ziwa, ambako simu huweza kukosa mtandao kabisa, unaona pande zote mbili. Huko ndiko setilaiti inakokaa angani kwa dakika zake zote 8 na nusu, na ndiko "nimekaribia" iliyotamkwa mara nane ina nafasi ndefu kuliko popote kwenye mwambao wetu ya kumfikia aliyekaribisha.